Ruzuku ya Kaka

Wenzake walimwita Tele, kwa sababu hakuna aliyemuuliza hali ya shamba lake akajibiwa neno jingine. Mvua ikikatika, tele. Viwavi wakila mahindi mpaka vibunzi, tele. Hakuwa tajiri hata kidogo. Alikuwa na wivu, na mwenye wivu hapendi kuonekana kapungukiwa, hasa mbele ya kaka yake.

Ndilo lililomponza. Bwana shamba alipopita nyumba kwa nyumba kuandikisha waliovuna vibaya, wapewe ruzuku ya serikali, aliwakuta ndugu hao wawili wameketi kibarazani.

"Mmevuna nini msimu huu?"

"Aibu tupu," alisema kaka mtu. "Madebe mawili, na moja limeingia fukusi."

"Mimi tele!" Tele akadakia, na ghalani kwake hata panya walishahama. "Pa kuweka sina!"

Bwana shamba akampongeza, akampita.

Ruzuku ilikuwa ya mafungu mawili: la mbegu, kisha la mbolea ya kukuzia. Siku pesa za fungu la kwanza zilipoingia kwenye simu, Tele alikuwa kwenye mashine ya kusaga. Simu zikalia huku na huku, watu wakapeana mikono, kaka yake akarukaruka kama mtoto. Ya Tele ilikuwa kimya mfukoni. Wivu ukampanda. Huyu ambaye palizi yake humalizika magugu yameshazaa! Huyu ambaye hata mstari wa mahindi kunyoosha hajui! Kwa nini kila jema liwe lake?

Wiki nzima hakulala vizuri. Mwishowe akaenda ofisini kwa bwana shamba.

"Samahani, bwana. Si mlisema mwenye ng'ombe wa maziwa hapewi?"

"Ndiyo, hapewi."

"Basi muulize kaka yangu, yule aliyefungwa uani kwa mama ni wa nani."

Kaka akafutwa. Fungu la mbolea likapita mbali naye, na mahindi yalikuwa yameshafika magotini. Naye hakuzunguka kutafuta mchawi. Akamuuza ng'ombe.

"Usiwatume tena watoto wako na chupa," mama alimwambia Tele. "Maziwa ndiyo basi."

"Kulikoni, mama?"

"Kuna mtu kamchongea kaka yako. Mungu anamwona. Masikini mwanangu!"

Tele aliona aibu, kweli aliona. Lakini kilichomchoma zaidi ni lile "masikini mwanangu". Yeye watoto wake wangekunywa chai kavu, na hakuna aliyemwita masikini.

Siku ya pili kaka akaja na toroli, mifuko miwili ya mbolea juu yake. Akaushusha mmoja mlangoni.

"Huu wako, mdogo wangu."

"Wa nini? Mimi ninayo te—"

"Hebu acha hizo. Nimepita shambani kwako, mahindi yamekuwa manjano." Akajifuta jasho. "Aliyenichongea kanikosesha ng'ombe. Kunikosesha ndugu hawezi."

Tele akashukuru kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua. Kisha akasimama mlangoni, akimtazama kaka yake anavyosukuma toroli lake huku akipiga mluzi. Wivu ukampanda upya, mkali kuliko wa siku ile mashineni. Hata moyo mzuri, kapewa yeye.