Doli Lililonyamaza

Kazi yangu katika duka moja mjini Machakos ni kubonyeza. Siku ya kwanza mwenye duka aliniweka nyuma ya kaunta, kati ya mbwa wanaobweka, magari ya plastiki na madoli ya macho ya buluu, akaniambia, "Kitu kikilia kinauzwa. Usiache vinyamaze." Tangu hapo nabonyeza matumbo na migongo kutwa nzima. Mlango ni mmoja, na Disemba maboksi huuziba. Nikitaka hata kwenda msalani, lazima niombe mtu anipishe.

Disemba iliyopita aliingia mama mmoja kutoka Masinga aliyekuja mjini kununua dawa ya mbuzi. Alikuwa na binti yake wa miaka minne hivi. Mtoto aliona doli la gauni la waridi akang'ang'ania papo hapo. Nikalibonyeza tumbo. Likasema maneno kwa lugha ambayo mpaka leo sijui ni ya wapi.

"Inasema nini?" mama akauliza.

Mwenye duka alikuwa amesimama karibu yangu, anasikiliza.

"Inasema, mama nakupenda," nikajibu.

Mama alicheka kwa haya, akafungua fundo la leso yake, akalipa. Walitoka mtoto akiyarudia yale maneno, na aliyatamka vizuri kweli.

Siku ya tatu walirudi. Doli lilikuwa limeviringishwa ndani ya kanga.

"Dada, imenyamaza tangu jana," mama alisema. "Na huyu amekataa kula. Anasema amemkosea doli."

"Nilimwambia nampenda pia," mtoto akasema, "akanyamaza."

Nikanyoosha kidole kwenye karatasi iliyo ukutani, niliyoiandika kwa mkono wangu mwenyewe: mali ikiuzwa hairudishwi.

"Mwaitu, mama yangu, haturudishangi."

"Sirudishi. Naomba tu uifanye iongee."

Nikaligeuza nitafute pa kubadilisha betri. Hapakuwa na kifuniko wala skrubu. Mgongo wote ulikuwa umegandishwa kiwandani. Aliyelitengeneza hakutaka mtu alifungue kamwe. Mtoto alinikazia macho, akisubiri kama anayesubiri daktari.

"Mpe ingine, umpunguzie kidogo," mwenye duka akasema bila kuinua kichwa.

Mama alimtazama mwanawe, akanitazama mimi, akanunua. Safari hii hakuuliza linasema nini. Mtoto alilishika lile bovu, akakataa kuligusa jipya. "Huyu si yeye," alisema, na mama akalitia jipya kwenye mfuko pamoja na dawa nyingine ya mbuzi.

Niliapa sitadanganya tena. Wiki iliyofuata akaja baba mmoja anayefanya kazi kiwandani Athi River, akauliza swali lile lile.

"Sijui inasema nini," nikamjibu kwa sauti, mwenye duka akisikia. "Na ikiharibika haitengenezeki."

Akacheka. "Hata isiposema kitu ni sawa. Watoto wangu nawaonanga Jumapili peke yake. Siwezi nikafika mikono mitupu. Nifungie mbili."

Nikamfungia mbili.

"Unaona?" mwenye duka akasema yule baba alipotoka. "Wewe uko na mkono wa kuuza."

Jioni hiyo akaniongezea rafu nyingine ya madoli. Nafasi haikutosha, kwa hivyo akaondoa kiti changu.