Barua Niliyoiona kwa Upana na Urefu

Mke wa marehemu alinipigia simu Jumanne asubuhi nikiwa mezani nanywa chai, akaniambia kwamba fundi wangu wa kompyuta amefariki hospitalini alfajiri hiyo. Nilimpa pole kwa yale maneno ambayo sisi wazee huwa nayo tayari, nikadhani mazungumzo yamekwisha. Lakini hakukata simu. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, ile barua uliipata?" Nikamuuliza barua gani. Akasema, "Ile alikuandikia kwa mkono. Mimi ndiye nilipiga picha nikakutumia kwa email. Wiki tatu sasa. Kila siku alikuwa ananionyesha simu, nicheki kama umejibu." Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba mimi si mtu wa kukosa la kusema. Siku hiyo nilimwambia tu kwamba nitaitafuta. Naandika safu hii nikiwa na uchungu na aibu, na kwa kweli aibu ndiyo iliyo nyingi zaidi.

Tulijuana kwa sababu ya macho yangu. Miaka kadhaa iliyopita mtoto wa jicho alinizidi nguvu, na skrini ya kompyuta yenye vitufe vya kila rangi ikawa ukungu mtupu. Nilimpelekea mashine yangu kuukuu dukani kwake mtaa wa Free Area, chumba kimoja kati ya kinyozi na muuza mitumba, nikitarajia aniambie ninunue mpya kama walivyoniambia mafundi wengine. Hakuniambia hivyo. Aliniuliza, "Mzee, kazi yako ni gani hasa kwa hii machine? Kuangalia ama kusoma?" Nikamjibu ni kusoma na kuandika tu. "Basi hizo zingine zote tunatoa." Akaiondolea vikorokoro vyote, akaniachia skrini nyeusi na herufi nyeupe kubwa kama za ubao wa darasani. Tangu siku hiyo nikitaka kusoma kitu naandika jina la programu moja ndogo, kisha jina la faili, nayo hunifungulia maandishi ukurasa kwa ukurasa. Nilirudi kuwa mtu. Niliweza kusoma barua zenu tena bila kumsumbua mke wangu, ambaye naye alikuwa amechoka kuwa miwani yangu.

Ila programu hiyo ilijua maandishi matupu tu. Ukiipa barua iliyoandikwa kwa programu za ofisini, inakutapikia alama za ajabu skrini nzima. Nilimrudia nikilalamika, nikamkuta anaondoka kwenda Naivasha kutengeneza mashine za mteja. Akaniambia tufuatane. Tulisimama Kikopey, pale pa nyama choma kando ya barabara kuu, tule, na tukiwa tumesimama mbele ya bucha akanishika mkono. "Mzee, cheki huyu jamaa. Mbuzi ni mmoja, lakini haweki yote kwa makaa. Mbavu inaenda kwa moto direct. Matumbo lazima ichemshwe kwanza. Kichwa ni ya supu. Sasa file zako pia ni hivyo." Alikuwa na mpango wa kuiandikia programu yangu karatasi ya maagizo, iwe inaisoma kabla ya kufungua faili lolote. Ikiwa ni barua ya ofisini, ipelekwe kwanza kwa programu nyingine iyakamue maneno yake. Ikiwa ni jedwali, safu zake zipangwe zisipishane. Ikiwa ni mafaili mengi yaliyofungwa pamoja, nionyeshwe orodha ya yaliyomo bila kuyafungua. Niliyaelewa yote hayo kabla nyama haijaiva, mimi ambaye sijawahi kuelewa hata rimoti ya televisheni.

Aliyaandika maagizo hayo wiki hiyo hiyo, nikiwa nimeketi kando yake dukani. Alipofika mwisho akaniuliza, "Na picha nazo nifanye nini nazo?" Nikamwambia aachane nazo. Wengi wenu, na Mungu awabariki, hunitumia maua na mistari ya Biblia kila kunapokucha, na kila ua lilikuwa likinipotezea muda. Akaniambia, "Mzee, siku moja mtu atakutumia kitu ya maana." Nikamjibu kwa ule ukali wa mwalimu mstaafu: mwenye neno la maana ataliandika. Akacheka, akatikisa kichwa, akaandika agizo la mwisho. Kuanzia hapo picha yoyote ikawa ni mstari mmoja tu kwangu: kwamba hii ni picha, upana wake kadhaa, urefu wake kadhaa, na tarehe. Nilifurahi sana. Nilijisifu hata mbele ya marafiki kwamba nimepata mashine yenye adabu. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, lakini hawakusema lolote kuhusu mwenye macho anayemlipa fundi asionyeshwe.

Kuna jambo jingine ambalo lazima mlijue. Mimi na baba yake fundi huyu tulifundisha shule moja Gilgil kwa miaka mingi, na bado hukutana kanisani. Kijana huyu aliajiriwa ofisi moja ya serikali, akaacha kazi akafungua lile duka. Mzee alikasirika kupita kiasi. Kwake kazi ni shamba, ng'ombe, chaki au kiti cha ofisi, kitu ambacho jirani akipita atakiona. Alimwambia mwanawe mbele ya watu kwamba asikanyage tena boma lake pale Longonot mpaka apate kazi inayoonekana. Kijana naye akajibu neno ambalo mtoto hamjibu baba. Basi, miaka ikapita. Nililijua jambo hilo na liliniuma, lakini kwetu mtu wa kusimama kati hajiteui. Mwenye kosa ndiye humtafuta mzee anayeheshimiwa na baba yake, humwomba kwa unyenyekevu, na mzee huyo ndiye hutangulia kwenda kulainisha njia. Nilikuwa nangoja aniombe. Tulikaa pamoja mara ngapi, tukazungumza juu ya mafaili na mbuzi, na sikuwahi kumuuliza, nikijiambia kwamba nafuata desturi.

Nilipomaliza kuongea na mjane nilimwita mke wangu, akaitafuta ile barua pepe kwa simu yake. Ilitoka kwa anwani nisiyoifahamu na ilikuwa na maneno mawili tu, "Soma mzee," maneno yale yale wanayoandika watu wa maua. Nilikumbuka kuiona. Mashine yangu ilikuwa imenitajia upana na urefu wake, nikaipita. Mke wangu aliikuza ile picha, akaanza kunisomea, na katikati akaacha akafuta macho. Kijana alieleza kwamba saratani ya koo imemnyang'anya sauti, na kwamba hawezi kunipigia simu. Aliandika kwa kalamu, mtu aliyeishi kwa kibodi, kwa sababu ombi la aina ile haliandikwi kwa mashine ukimwandikia mtu wa rika la baba yako. Aliomba niende Longonot nikamwambie babake kwamba amekosa, kwamba neno lile alilomjibu limemkaa kifuani miaka yote, na kwamba anaomba ruhusa ya kuingia bomani akiwa bado anaweza kutembea. Mwisho aliandika, "Ukikataa nitaelewa." Yeye hakujua barua imetumwa kama picha; alidhani nimeletewa karatasi yenyewe, nami nitajibu kwa simu. Alimpa mkewe karatasi, mkewe akafanya ambavyo kila mtu Kenya hii hufanya na karatasi siku hizi. Angejua, angeng'amua mara moja, kwa maana lile agizo alikuwa ameliandika mwenyewe kwa sababu nililidai.

Tulimzika kwa babake, kwa sababu hakuna pengine pa kumzika. Nilifika mapema, nikamvuta mzee pembeni nikamweleza yote, bila kuruka mahali ambapo naonekana mbaya. Mke wangu akamsomea barua. Alisikiliza akiwa ameegemea ua wa boma, akaomba asomewe tena mahali pa kuomba ruhusa. Kisha akaniambia, "Mwalimu, mimi nilikuwa nangoja mtu yeyote aje. Hata ungekuja bila barua." Nilimwambia nilidhani si haki yangu kuja bila kutumwa. "Ningekufukuza mara ya kwanza," akasema. "Ya pili ningekupa chai." Hakuwa na hasira nami, na laiti angekuwa nayo, ningejua pa kujitetea. Aliondoka akaenda kusimama penye lango, na jeneza lilipofika ndiye aliyelishika kwa mbele kuliingiza ndani. Nilimsikia akisema, "Karibu nyumbani," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayempokea mtu aliyetoka safari ya Nairobi.

Nimefikiria sana tangu siku hiyo. Ningependa kuilaumu mashine, au mitandao, au watu wa maua, na safu yangu ingekuwa tamu zaidi. Lakini mashine ilifanya nilichoiambia. Sisi wazee tunalalamika kwamba vijana hawatuambii mambo, huku tumewaandikia masharti ya namna ya kutuambia: waje kwa heshima, waje wenyewe, waje kwa kalamu, wasije na picha. Anayekufa hana muda wa kutimiza masharti yote hayo. Fundi wangu alitimiza karibu yote, na bado hayakutosha. Kama kuna mtu unayejua amegombana na watu wake, na unangoja aje akuombe kwa njia unayoiona inafaa, usingoje. Vaa viatu uende. Ukifukuzwa, rudi mara ya pili.