Mhina wa mashine alivyoacha ugali, na vipimo vilivyomkalisha chini

Saa mbili asubuhi mashine ya kusaga ya Mashewa inaunguruma, na Mhina Sabiri amejaa unga kuanzia kope hadi viatu. Anamimina debe la mahindi, anafunga kiroba, anapokea debe jingine. Ajabu ni kwamba kwa miezi kumi na moja mtu huyu, anayesagia nusu ya kata, hakuonja ugali hata tonge moja.

"Nilikula nyama ya mafuta, mayai na samli ya Wamasai kutoka Handeni," anasema. "Uji hata harufu yake sikuitaka."

Mhina, 52, alikuwa na kilo 104 na sukari iliyoanza kupanda. Rafiki yake alimweleza kuwa mwili ukikosa wanga, ini hugeuza mafuta kuwa ketoni, na moyo huzitumia kama kuni. Hilo ni kweli. Akanunua vijikaratasi vya kupimia mkojo. Kila kimoja kilipogeuka zambarau, alitembea kifua mbele. Akapungua kilo 19, na sukari ikashuka.

Hapo ndipo alipoharibu. Aliamini rangi ile inamwonyesha kuwa mishipa yake ya damu ni safi. Akaacha vidonge vya presha alivyokuwa ameandikiwa, na akawa anawahubiria wateja kwenye foleni.

Mwezi uliopita alikwenda kupima Korogwe mjini, kwa mbwembwe kabisa. Lehemu mbaya, yaani kolesteroli inayoziba mishipa, ilikuwa 7.1, wakati ilitakiwa isizidi 3. Presha ilisoma 178 kwa 106.

"Nilimwambia daktari mashine yake mbovu," anakumbuka. "Akapima tena. Ikaja vilevile."

Daktari huyo, Yusta Fransisko, hamcheki. "Kile kikaratasi kinasema mwili unachoma mafuta, basi. Hakioni ndani ya mishipa. Ketoni bado zinachunguzwa, huenda zinausaidia moyo. Lakini wapo watu wakila sana mafuta ya wanyama, lehemu inapanda vibaya. Yeye ni mmojawapo."

Kutoka hapo, Mhina hakurudi nyumbani. Alichukua bodaboda moja kwa moja hadi Kwashemshi kwa dada yake, Chausiku, ambaye naye alikuwa ameacha vidonge vya presha kwa kumsikiliza Mhina. Alimkuta amekaa mlangoni, mdomo umepinda, mkono wa kushoto umelegea. Kilikuwa kiharusi.

Chausiku alilazwa siku tisa. Neno lake la kwanza lililoeleweka lilikuwa hili: "Nilikuamini wewe kuliko daktari, mdogo wangu."

Mhina anaposimulia hapo anazima mashine, na wateja wanasubiri bila kunung'unika.

Amerudi kwenye vidonge, samli ameiacha, na baada ya miezi mitatu atapimwa tena. Nilipomuuliza anatarajia nini, hakutaja moyo wake.

"Nataka dada ashike kikombe kwa mkono ule wa kushoto," anasema. "Yeye ameshanisamehe. Mimi bado sijajisamehe."