Anayepanda Hupishwa

Mwezi uliopita tulimpandisha baba mlimani, kijijini Mamba, kumzika. Nilikaa mbele ya gari lililobeba jeneza, pembeni ya dereva, kijana wa Same mwenye adabu zake. Kwenye kona moja kali tukakutana na bodaboda zinazoshuka na magunia ya tangawizi, zikatupigia honi tuzipishe. Sisi tunapanda, tena na maiti! Kijana akarudi nyuma taratibu hadi penye nafasi, wakapita zao. Nilishikwa na hasira mpaka machozi yakakauka. Na utashangaa, rafiki yangu, kilichonijia kichwani pale pale ni mashine ya gemu.

Unaikumbuka Same ya wakati ule? Upepo, vumbi, na foleni ya sukari iliyokuwa ndiyo kwanza inaisha. Ruksa ya kufanya biashara imeingia, maduka yamejaa, mifuko mitupu. Baba alikuwa dereva wa basi la ushirika, Same hadi Mamba. Spea zikakosekana, basi likapandishwa juu ya mawe bila matairi, majani yakaota hadi mlangoni. Baba naye akahamia kibarazani na kofia yake ya udereva, kimya. Mama akimwekea makande anakula, anasema asante, basi, mpaka kesho. Bibi alituambia tumwache, mtu akinyamaza ana lake. Mimi nilishindwa kumwacha. Nilikuwa nimezoea kukaa juu ya boksi la injini, makalio yakiungua, nikimsikia akinisimulia kona moja baada ya nyingine. Niliitaka ile sauti irudi, nikaona labda akishika usukani tena itarudi.

Usukani wenyewe ulikuwa kwa jirani yetu mwenye duka pale stendi. Alileta mashine ya mtumba kutoka Mombasa, kubwa kama kabati la nguo, ina kiti, usukani na pedeli. Kwenye kioo kuna mji wa miaka mingi mbele, maghorofa ya vioo, na magari yasiyo na matairi yanayopaa juu ya lami. Wewe unakimbia, polisi wanakukimbiza kwa taa za buluu na king'ora kinachosikika hadi sokoni. Nilimchotea jirani maji wiki nzima ili anipe zamu. Nilipomweleza baba habari za magari yasiyo na matairi, alinitazama, akasema, "Hata basi letu halina matairi. Mbona haliendi?" Jamani, nilifurahi kama nimepewa gauni la Krismasi. Nilimvuta mkono hadi dukani, zamu yangu nikampa yeye.

Vijana walijaa nyuma yake. "Shikamoo mzee, leo tutaona!" Baba aliitikia marahaba, akaweka kofia sawa, akatafuta kioo cha pembeni ambacho hakikuwapo. King'ora kikalia.

"Kwani tumeiba nini?" akauliza.

"Hamna, mzee," jirani akamjibu. "Wewe kimbia tu."

Akaenda. Mwanzoni taratibu, halafu mikono ikakumbuka kazi, na mimi nikaanza kushangilia kama mwehu. Polisi walibaki mbali nyuma. Kisha ikaja barabara nyembamba inayoteremka, na chini yake lori linapanda. Baba akakanyaga breki. Akasogea kushoto, akasimama, akasubiri lori lipite.

"Mzee, piga mafuta! Hao hapo!"

"Anapanda," baba alisema. "Anayepanda hupishwa."

Polisi wakamvaa, gari likalipuka, kioo kikawa chekundu. Duka zima likaangua kicheko, mwingine akalala sakafuni kabisa. Niliona aibu, wewe acha tu. Nilitembea hadi nyumbani nikiangalia miguu yangu, nikiwa na hakika kwamba nimemharibu baba moja kwa moja.

Jioni nikapepeta maharage nikilia kimyakimya. Baba akaja kukaa karibu yangu jikoni, kwenye moshi, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Lile lori halikuwa na mtu, baba," nikamwambia. "Ni picha tu."

"Najua halikuwa na mtu," akasema. "Lakini mimi nilikuwepo."

Kisha akacheka, akaanza kutusimulia habari za kona za Mamba, na makande yakaungua chini.

Basi halikufufuka. Baba alirudi mlimani kulima tangawizi, akaongea hadi mwisho wake. Mashine iliharibika, duka limevunjwa, wale vijana waliocheka wengine wameshatangulia. Na ule utaratibu wa barabarani nao umekwenda, hata sijui uliondoka mwaka gani. Inaniuma, nakwambia kweli. Mtu aliyepisha lori la picha, siku ya safari yake ya mwisho alirudishwa nyuma.

Tulipokuwa tunateremka baada ya mazishi, pikapu ikatokea chini inapanda, imejaa mabati. Nilimwambia kijana asimame. Akasema nafasi ya kupita ipo, mama. Nikamwambia simama, mwanangu, zima na injini. Tukasogea kushoto tukasubiri. Pikapu ikapita mbio ikatumwagia vumbi, dereva wake hakutupungia hata mkono, wala hakugeuka kututazama.

Haidhuru. Mimi nilikuwepo.