Bomba la tano halina maneno

Saa tatu asubuhi, viti bado vimepinduliwa juu ya meza na sakafu haijakauka. Mwanamke mwenye aproni nyeusi anafungua bomba la kwanza, anajaza robo glasi, anaizungusha taratibu na kuisogeza puani. Anafumba macho. Kisha anageukia mlango wa nyuma na kuita.

"Shemeji, njoo unisaidie!"

Mwosha mapipa anatoka na mabuti yake ya mpira, mikono ikichuruzika maji. Ananusa mara moja. "Hii haina neno," anasema, anarudi zake. Mwanamke anachukua chaki na kuandika ubaoni: Chungu kidogo, baridi, povu linakaa.

Wateja wanamwita Dada Povu, kwa sababu glasi aliyoimimina yeye hubaki na povu lake mpaka nusu ya kinywaji. Yeye humwita mwosha mapipa shemeji kwa utani tu, maana kaoa jirani yake. Dada Povu anahudumia mabomba matano katika ukumbi wa kiwanda kidogo kinachotengeneza bia kwa mafungu machache, nyuma ya gereji ya malori. Ana miaka thelathini na sita, mume fundi wa majokofu, na binti wa darasa la pili. Na tangu augue mafua makali mwanzoni mwa mwaka, hanusi kitu.

Kwa kazi yake, hilo si jambo dogo. Kila asubuhi mhudumu wa bomba hunusa glasi ya kwanza. Mpira unaoleta bia kutoka kwenye pipa ukibaki na uchafu, bia huingiwa na harufu mbaya, hata kama ulimi hauoni tofauti. Ikinuka vibaya, mpira unaoshwa upya na wateja wanasubiri. Ikiwa safi, mhudumu anaandika maelezo ubaoni na siku inaanza.

"Nilidhani pua imeziba tu," anasema. "Nikajifukiza, nikanywa tangawizi, nikameza kila nilichoambiwa. Siku moja mtoto akaniambia, mama, wali unaungua. Na mimi nimesimama hapohapo na mwiko mkononi."

Hakumwambia mtu kazini. Mhudumu wa bomba analipwa karibu mara mbili ya mwosha vyombo, na asiye na pua hana kazi kwenye bomba. Akajikaza, kila asubuhi akajifanya ananusa. Kilichomsitiri ni maneno.

Wateja wa ukumbi huu hawaombi bia tu. Wanakuja kwa makundi, wanaipiga picha kabla ya kuigusa, halafu wanaizungumza. Bia ina mwili. Bia ina tabaka. Bia ni changamfu, ni ya kijasiri, inakupeleka safari. Ikikosa sifa nyingine, basi inanyweka, kana kwamba kuna bia ya kutafuna. Katika meza moja tu, mwandishi alisikia "changamfu" mpaka akaacha kuhesabu, na bia zenyewe zilikuwa za aina tatu zisizofanana hata rangi.

Dada Povu aliyajua maneno hayo yote. Alikuwa ameyasikia miaka minne.

"Nilikuwa nayahamisha kama viti," anasema, huku akicheka kidogo. "Leo 'changamfu' naiweka bomba la pili, kesho naipeleka la nne. 'Ina tabaka' hiyo inakaa popote. Hakuna aliyeuliza. Wengine walinisifu, eti siku hizi naandika vizuri."

Miezi minne ilipita hivyo. Kisha ikaja Jumamosi moja, ukumbi umejaa, na bomba la tano limeandikwa: Ya udongo, yenye tabaka, halisi. Maneno hayo yalikuwa yamebaki kwenye bomba la tatu wiki iliyotangulia, akayahamishia pale bila kufikiri.

Kikundi cha wapenzi wa bia, wanaoongozwa na bwana mmoja wanayemwita Mwenyekiti, kilikuwa kimekunywa bia ya bomba hilo tangu mchana. Walifumba macho. Walisema wanasikia harufu ya shamba lililonyeshewa. Mmoja alisema bia hiyo haijifichi.

Jioni akaingia mama mmoja na mumewe. Hawakuwahi kufika pale. Mama akaomba bomba la tano, akaiinua glasi, akaishusha.

"Dada yangu, samahani," akasema. "Hii mbona inanuka tambara la kudekia?"

Dada Povu alijibu bila kupepesa macho. "Ni harufu ya udongo hiyo, mama. Ndiyo sifa yake."

Mama akamtazama, akaitazama glasi, akamwomba radhi. "Basi mimi sijui mambo haya," akasema, akaanza kuinywa.

"Pale ndipo niliposhindwa," anasema Dada Povu. "Mtu ananusa vizuri, mimi sinusi, halafu yeye ndiye anayeniomba radhi. Niliona aibu, jamani. Nilimnyang'anya ile glasi."

Alifunga bomba mbele ya ukumbi mzima, akaenda nyuma kumtafuta mwenye kiwanda na kumweleza yote. Mwosha mapipa alipofungua mpira wa bomba la tano, alikuta utando ndani, mzito kama ukoko wa uji.

Mwenye kiwanda, mwanamke asiyependa maneno mengi, alirudisha pesa za watu usiku uleule. Hakumfukuza. "Nilikasirika sana, siwezi kukudanganya," anasema. "Lakini na mimi nilipita mbele ya ule ubao kila siku. Nilikuwa nausoma, nasema sawa."

Mwenyekiti naye hakuwa mgumu. "Nilinusa tambara," anakiri. "Kabisa. Halafu nikasoma ubao, nikailaumu pua yangu."

Makubaliano ni haya: mwosha mapipa anuse kwa niaba yake mpaka mwaka ufungwe. Pua isiporudi, Dada Povu atahamia kwenye sinki la vyombo na bomba litapata mtu mwingine. Daktari amemwambia inaweza kurudi, inaweza isirudi. Amempa zoezi la kunusa vitu vilevile vinne asubuhi na jioni: limau, kahawa, sabuni na karafuu.

Nyumbani, anayesimamia zoezi hilo ni binti yake. Anamfunga mama yake kitambaa machoni, anamshikia kikombe puani na kuuliza kwa sauti ya mwalimu, "Hii nini?" Jibu huwa sijui. Wiki iliyopita mtoto aliamua kufanya utundu, akaweka soksi ya baba yake.

"Nikasema, wewe, toa uchafu wako hapa!" anasimulia Dada Povu. "Mtoto akaiondoa. Kisha nikashtuka, nikamwambia airudishe, ailete tena hiyo soksi. Nililia nayo puani kama mwehu. Mume wangu akauliza sasa aifue au asiifue."

Tangu siku hiyo hajanusa kingine. Limau bado kimya, kahawa bado kimya.

Saa nne kasoro, mabomba manne yamepata maelezo yake: chungu, tamu, nzito, baridi. Ni yale tu anayoyapata kwa ulimi na macho. La tano limeoshwa, limenuswa na shemeji, liko safi. Lakini mbele ya namba yake ubaoni hakuna kitu. Mwenye kiwanda analalamika kwamba nafasi tupu haiuzi bia, ila ameiacha.

Dada Povu anajaza robo glasi ya bomba hilo, anaizungusha na kuisogeza puani. Anakaa nayo muda mrefu kuliko zile nyingine.

"Bado," anasema, na kuimwaga. "Nafasi hiyo ubaoni nimejiwekea mwenyewe. Siku nitakayoinusa, hata ikinuka soksi, nitaandika soksi."