Sahani Niliyoirudisha

Baba yangu aliitwa Nahodha, lakini hakupata kushika usukani hata wa ngalawa. Alikuwa mpishi. Alitoka Tumbatu akiwa kijana, akaingia hoteli moja kubwa ya Shangani kuosha masufuria, na miaka ishirini na sita baadaye alikuwa ndiye mpishi wa samaki, anayetajwa na wageni kwa jina. Wenzake wakimwita Nahodha wa Masufuria, naye akicheka.

Mama yangu alifariki mimi bado nanyonya. Alinilea shangazi, Bi Mwanakheir, dada yake baba, katika nyumba yetu ya Kikwajuni. Shangazi ndiye aliyekuwa akipika. Baba nyumbani hakushika mwiko hata siku moja. Akisema, "Mwalimu akirudi kwake hasomeshi." Na kutoka hotelini hakuleta hata mfupa. Wengine walitoka na vifurushi chini ya kanzu. Yeye akisema kile ni amana ya watu. Basi mimi, mtoto wa mpishi aliyesifiwa na wakubwa, sikuwahi kuonja mkono wa baba yangu.

Nilipokuwa na miaka saba hivi, shangazi alinituma nimpelekee dawa ya kifua. Nikasimama mlango wa nyuma wa hoteli, harufu ya samaki na siagi imenijaa puani, nikamwomba kidogo tu. Akachuchumaa mbele yangu, akasema, "Hapa mlangoni huli, mwanangu. Siku moja utakula kule mbele, umekaa juu ya kiti, na mimi ndiye nitakayekupikia."

Nikakua, nikaolewa Chukwani, nikajifungua. Maneno yale niliyasahau. Yeye hakuyasahau.

Mwaka 1955, katika mwezi wa Shaaban, Ramadhani i karibu kabisa kuingia, akanijia mtu na salamu: baba yako anakutaka mjini kesho kabla ya adhuhuri, na uvae vizuri. Hakuna zaidi. Nilijua macho yake yameingia ukungu na kwamba hotelini wameanza kumlalamikia. Nilidhani ni mgonjwa.

Nami kesho yake nilikuwa nafunga. Wanawake wenzangu watanielewa. Zilikuwa siku zangu za Ramadhani iliyopita. Kunyonyesha kulinichelewesha, nikawa nalipa moja moja, zikabaki mbili, na mwezi ndio unakwisha. Nikala daku, nikanuia, asubuhi nikapanda gari la shamba kwenda mjini.

Baba alikuwa ananingoja mlango wa mbele. Mlango wa mbele! Amevaa kanzu ya pasi, na nguo ya jikoni juu yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na njaa?" Hakungoja jibu, akanishika mkono. "Leo ndiyo siku yangu ya mwisho hapa. Bwana mwenye hoteli aliniuliza nataka nini. Nikamwambia, nataka meza moja, kwa mtu mmoja."

Nikamfuata ndani.

Aliyenivutia kiti alikuwa Ami Miraji, mtumishi wa mezani, rafiki wa baba wa tangu ujana. "Karibu, Bi Mwatum," akaninong'oneza. "Leo Mzungu wetu ni wewe. Ukiona sikuinama vizuri, nifukuze kazi."

Kitambaa cha meza kilikuwa cheupe hata nikaogopa kuweka mkono. Juu panka linazunguka polepole. Meza ya dirishani walikaa Wazungu wanne, na mimi na buibui langu katikati ya ukumbi. Ami Miraji akaleta sahani: changu mzima, mchuzi mzito wa siagi na ndimu, na viazi vidogo vimepangwa kama shanga.

Kisha baba akaja mwenyewe, akainama sikioni kwangu.

"Wanasema mkono wangu umepotea, Mwatum. Eti siku hizi chumvi naitia mara mbili, au siitii kabisa. Mimi nikionja naona sawa, lakini nitajiamini vipi? Wengine hawa watanionea huruma. Wewe huwezi kunidanganya. Kula, uniambie."

Nikawa sina pa kutokea. Nimwambie nimefunga? Baba alikuwa mtu wa chuoni, aliyesoma dini. Anajua kuwa siku zile za mwisho wa Shaaban asiye na mazoea ya sunna hafungi ila kwa deni, na deni la mwanamke kijana anajua linatoka wapi. Mtoto wa kike hamtamkii baba yake jambo hilo, tena mbele ya Ami Miraji. Kuivunja nako siwezi. Funga ya kulipa haivunjwi kwa kumridhisha mtu. Jikoni kwetu mpishi mwenye saumu huonja chumvi kwa ncha ya ulimi, akatema. Lakini pale, mbele ya kitambaa kile na macho yale ya watu, ningetema wapi?

"Nshakula, baba," nikasema. "Nimeshiba."

"Umeshiba?"

"Wifi alinilazimisha asubuhi."

Akanitazama kwa macho yake ya ukungu. "Kama uma unakushinda, tumia mkono. Usimwonee haya mtu, mwanangu."

"Si uma, baba."

"Basi tonge moja tu."

Nikaushika uma, nikamchokoa samaki, nikauweka chini. Ami Miraji akataka kutuokoa. "Mzungu wetu ana maringo huyu!" akasema. Hakucheka mtu.

Baba akaisogelea sahani, akanusa, kama mtu anavyonusa kitu anachokitilia shaka. Hapo nikajua anafikiri nini. Anafikiri chakula kimeharibika, nami nimejua, na ninamsitiri.

"Haidhuru," akasema. "Miraji, ondoa."

Akarudi jikoni akipapasa ukuta, na njia ile ameipita miaka ishirini na sita.

Funga yangu niliilinda na samaki, nikaitia doa kwa uongo. Nililia mpaka Chukwani, na magharibi nikafungua kwa maji tu.

Jambo kama lile husemewa na mtu mzima. Shangazi wakati huo alikuwa amerudi Mkokotoni kwa mwanawe, na masika ile mvua zilikuwa nyingi. Salamu zangu zilimchelewea. Akafika mjini Ramadhani imekwisha kufika nusu. Akamkuta baba kitandani, kifua kimembana. Akamweleza yote, kisha akaja kwangu.

"Alisemaje, shangazi?"

"Akasema, 'Mola anisamehe, nimemlazimisha mwenye saumu.' Akajifunika shuka usoni. Nikadhani analia. Kumbe analia na kucheka pamoja. Akaniuliza, 'Sasa dada, ile chumvi nitamuuliza nani?'"

Baba akamwambia shangazi pia kuwa Idi ikifika atanipikia mwenyewe, hapo hapo nyumbani, nile mpaka nimkimbie.

Alifariki siku ya ishirini na tatu ya Ramadhani ile ile. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Siku ya hitima Ami Miraji alikuja. Nikamwita, nikasema naye nikiwa nyuma ya pazia.

"Ami, ile sahani yangu ilikwenda wapi?"

"Niliila mimi, mwanangu. Jikoni, nimesimama. Sikuweza kuitupa."

"Na chumvi?"

Nikasikia makubadhi yake yakisogea sogea sakafuni.

"Ilikuwa sawa," akasema. "Sawa kabisa."

Ami Miraji alikuwa mtu mwema; asingemwambia mfiwa neno jingine. Kwa hiyo mpaka leo sijui.

Sasa nina wajukuu. Nikiona Mfungo Mosi, mwezi wa Idi, umepita na binti zangu hawajaanza kulipa siku zao, huwakera mpaka walipe. Wao husema mama ana ukali wa dini. Nawaacha waseme.