Nduma Kwenye Tope la Pwani

Soko la Nyeri lote linanijua, mimi Wangechi wa nduma. Nina kipande kidogo cha magimbi hayo bondeni, kando ya mto Chania, na mara mbili watu wamenipeleka kwa chifu wakikitaka, maana ardhi yenye maji kwetu si mchezo. Kipande hicho ndicho kilichomsomesha binti yangu Waithira mpaka akawa mwalimu. Kwa hivyo mwaka wa sabini na nane, alipoandika kwamba amepata kazi Pwani, kwenye kituo cha kuonyesha watu ndege na kaa, nilisema sawa, ni ujana, utaisha. Lakini barua zikaanza kuja na jina la mtu. Bi Riziki amenipa chumba. Bi Riziki amenifundisha kusuka mikeka. Barua ya nne ikasema Bi Riziki ni kama mama yangu.

Ati kama nani?

Sifichi, nilishikwa na wivu mpaka chai ikanishinda kunywa. Nikamwendea mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu na kwetu, nikamwombea Waithira nafasi, naye akakubali kuiweka mpaka mwisho wa mwezi. Nikafunga miche ya nduma kwenye gunia, nikapanda basi mpaka Nairobi, halafu treni. Nilikuwa naenda kumchukua mtoto wangu. Miche ilikuwa ya kumkumbusha amelishwa na nani.

Kituo chenyewe hakikuwa na mtu wa tiketi. Unaingia bure, mkubwa kwa mdogo. Niliuliza mara mbili, maana kitu cha bure mimi hukiogopa. Waithira alikuja mbio, akanikumbatia, halafu akaniambia, "Shikamoo." Mimi! Nikamwambia anisalimie kama mtu wa kwetu. Akatutembeza, mimi na watoto wa shule fulani, juu ya daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko. Kila ndege alimjua kwa jina. Ningefurahi, lakini kila akimaliza kueleza jambo alimtupia jicho Bi Riziki, mpishi wa pale, mama mnene mpole aliyetufuata nyuma, naye Bi Riziki anaitikia kwa kichwa. Kumbe majina ya mikoko yote alifundishwa na huyo. Jicho hilo lilikuwa langu, tangu anajifunza kuhesabu.

Mchana tukaletewa samaki. Kwangu samaki hajawahi kuingia jikoni, mama yangu alimwita nyoka wa maji. Waithira alikula kwa vidole, miiba anaitoa upesi upesi, na Bi Riziki anamwongezea bila kuuliza. Mimi nilikula wali mtupu nikasema nimeshiba.

Kesho yake asubuhi nikaliona tope. Bahari ilikuwa imerudi nyuma na kuacha bonde zima jeusi, lenye maji, halina mwenyewe. Niliwashangaa watu hawa. Kwetu ndugu wangekatana kwa panga. Nikavua viatu, nikakunja rinda, nikapanda miche yangu yote, mistari minne, nikiishindilia kwa kisigino. Nilijiambia Waithira akiiona atakumbuka bonde letu, afungashe vitu twende.

Saa sita maji yakarudi. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba hurudi. Kufika saa saba nduma zangu zilikuwa zinaelea chini ya daraja, na wageni wanauliza huo ni mmea gani. Bi Riziki aliingia majini mpaka kiunoni, akaokota mche mmoja mmoja, akaisuuza yote kwa maji ya mfereji na kuniwekea kivulini. Hakucheka. Angecheka ningepata cha kumshika nacho.

"Mama Waithira," akaniambia polepole, "maji haya ni ya chumvi."

Waithira alikuwa amesimama kati yetu, ameshika mche mkononi. Nikaona ni hapa hapa. Nikamwambia kazi iko nyumbani, mwalimu mkuu anangoja, treni ni ya jioni. Wivu ukasema yaliyobaki.

"Mama yako ni nani, mimi ama huyu?"

Hakumtazama Bi Riziki. Alinitazama mimi.

"Ni wewe," akasema. "Huyu nikitaka kumkatalia kitu nahangaika wiki nzima. Wewe nakwambia tu. Mama, sirudi."

Basi nikawa nimeshinda. Bi Riziki aliinamisha macho akaanza kukamua maji kwenye leso yake, na niliona wazi kwamba neno lile limemchoma. Nilikuwa nimesafiri siku mbili nione hivyo. Jioni nikapanda treni peke yangu.